Nagasaki: Bandari, Wakalimani na Mlango wa Japani

Utangulizi

Mswahili achezaye karata barazani na Mjapani achezaye karuta nyumbani kwake wakati wa Mwaka Mpya hawajuani, wala lugha zao hazina nasaba moja. Hata hivyo, majina ya michezo yao ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametokana na neno la Kireno carta, na yote mawili yaliletwa na Wareno walipoanza kuzizunguka bahari za mashariki. Merikebu zao zilitoka Lisbon, zikapumzika Msumbiji, zikapakia na kupakua Goa, Malaka na Makau, na hatimaye zikatia nanga katika ghuba moja nyembamba ya Japani. Ghuba hiyo ni Nagasaki.

Makala haya yanakusudia kueleza umbile la mji huo na historia yake, tangu ulipokuwa kijiji cha wavuvi hadi leo. Aidha, yatajadili suala ambalo kwa kawaida husahauliwa Nagasaki inapotajwa, kwa kuwa jina lake limefungamanishwa na bomu la mwaka 1945 peke yake. Suala hilo ni lugha. Kwa zaidi ya miaka 200, Nagasaki ilikuwa mlango pekee ambao meli za Ulaya ziliruhusiwa kuupitia kuingia Japani. Mlango huo ulilindwa na askari na kuwatajirisha wafanyabiashara, lakini aliyeufungua na kuufunga siku baada ya siku alikuwa mkalimani.

Umbile la mahali

Japani ina visiwa vikuu vinne: Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu. Nagasaki iko katika pwani ya magharibi ya Kyushu, kisiwa kilicho kusini-magharibi kuliko vingine hivyo. Jina lenyewe linaeleza mahali. Naga ni 'refu' na saki ni 'rasi'; kwa hiyo Nagasaki ni Rasi Ndefu. Bahari imeingia nchi kavu kwa ghuba ndefu, nyembamba na yenye kina, nayo milima imeizunguka pande zote isipokuwa mlangoni. Nahodha aliyeponea chupuchupu katika tufani za Bahari ya Uchina alipata humo maji matulivu na kinga ya upepo. Ikumbukwe pia kwamba Nagasaki iko karibu na Shanghai kuliko Tokyo. Kwa mtawala aliyekaa mashariki mwa nchi, huu ulikuwa ukingo wa dunia. Kwa baharia aliyetoka Uchina, ulikuwa kizingiti cha nyumba.

Ardhi tambarare ni haba. Mji umelazimika kupanda vilima, na nyumba zimepangana juu ya miteremko kama watazamaji katika uwanja wa michezo. Vichochoro vingi ni ngazi za mawe ambazo gari haliwezi kupita. Upande wa magharibi wa ghuba umesimama Mlima Inasa, wenye kimo cha mita 333. Mito miwili inateremka kuingia ghubani. Mto Nakashima unapita katika mji wa zamani wa wafanyabiashara, na juu yake kuna Daraja la Megane, yaani 'miwani', lililojengwa kwa mawe mwaka 1634 chini ya uongozi wa mtawa wa Kibuddha kutoka Uchina. Matao yake mawili yakiakisiwa majini hufanana na miwani. Mto Urakami nao unatoka kaskazini kupitia bonde lake wenyewe. Kati ya mabonde haya mawili kuna safu ya vilima. Msomaji aiweke akilini safu hiyo, kwani baadaye itaamua nani afe na nani apone.

Milima iliyokinga upepo haikukinga mvua. Mnamo Julai 23, 1982, mvua kubwa iliporomosha miteremko na kufurisha mito. Takribani watu 300 walipoteza maisha Nagasaki na viungani mwake, na Daraja la Megane likabomolewa sehemu na maji. Mawe yake yaliokotwa na daraja likajengwa upya.

Wareno na kuzaliwa kwa mji

Wareno wa kwanza walifika Japani mwaka 1543, katika kisiwa cha Tanegashima, nao waliwaonyesha wenyeji bunduki. Mwaka 1549 padre Francis Xavier, mmoja wa waanzilishi wa shirika la Wajesuti, alifika Kagoshima kuhubiri Ukristo. Tangu hapo biashara na dini zilisafiri katika jahazi moja. Serikali ya Uchina ilikuwa imewazuia watu wake kufanya biashara na Japani moja kwa moja. Wareno wakajitia kati, wakipeleka hariri ya Uchina Japani na kurudi na fedha iliyochimbwa Japani.

Wakati huo nchi ilikuwa imegawanyika, kila jimbo likiwa na mtawala wake aitwaye daimyo, na kila mtawala akiitamani biashara hiyo. Mmoja wao, Omura Sumitada, alibatizwa mwaka 1563, akiwa daimyo wa kwanza kuwa Mkristo. Mwaka 1571 aliwafungulia Wareno bandari ya Nagasaki, na kijiji cha wavuvi kikageuka mji. Mwaka 1580 alifanya jambo la ajabu zaidi: aliwakabidhi Wajesuti mamlaka ya mji huo. Huku Afrika Mashariki, Wareno hao hao walianza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593. Tofauti ni kwamba Mombasa walishika kwa mizinga, ilhali Nagasaki walipewa kwa hiari na mwenyeji aliyekuwa na hesabu zake.

Njia hiyo ya baharini ilisafirisha watu pia. Miongoni mwa waliofika Japani na Mjesuti Alessandro Valignano mwaka 1579 alikuwemo Mwafrika ambaye Wajapani walimwita Yasuke. Mwaka 1581 alipelekwa mbele ya Oda Nobunaga, mtawala mwenye nguvu kuliko wote nchini wakati huo, akatwaliwa katika utumishi wake. Mwandishi mmoja wa Kijesuti wa karne ya 17 alisema kwamba Yasuke alitoka Msumbiji. Kwa upande wa pili, mwaka 1582 vijana wanne wa Kijapani waliondoka Nagasaki kama wajumbe kwenda Roma. Katika safari ya kurudi walikaa miezi kadhaa katika Kisiwa cha Msumbiji, kati ya mwaka 1586 na 1587, wakingojea pepo za kuwavusha hadi Goa. Walifika nyumbani mwaka 1590.

Msafara huo ulirudi na mtambo wa kupiga chapa. Mtambo huo ndio uliochapa Nagasaki, mwaka 1603, kamusi ya Kijapani na Kireno yenye maneno takribani 32,000, na nyongeza yake mwaka 1604. Kati ya 1604 na 1608 ilichapwa pia sarufi ya Kijapani iliyoandikwa na padre João Rodrigues, ambaye alipewa lakabu ya 'Mkalimani'. Kazi hizi zilikusudiwa kuwasaidia mapadre kuhubiri na kusikiliza maungamo, lakini manufaa yake yamewapita waliozitunga. Kwa kuwa maneno yaliandikwa kwa herufi za Kirumi, kamusi hiyo imehifadhi matamshi ya zama zile ambayo maandishi ya Kijapani yenyewe hayakuyaonyesha wazi. Neno hito, yaani 'mtu', limeandikwa humo fito. Mwanaisimu anajua papo hapo kwamba sauti iliyo h leo ilitamkwa kwa midomo miaka 400 iliyopita. Wanafunzi wa Kiswahili wanaifahamu hali hii: kamusi ya Johann Ludwig Krapf ya mwaka 1882 nayo ilitokana na haja za umisionari, na leo inasomwa na watafiti kama shahidi wa Kiswahili cha Mombasa cha karne ya 19.

Mateso na kufungwa kwa nchi

Nchi ilipoanza kuunganishwa chini ya mtawala mmoja, bandari iliyoshikwa na mapadre wa kigeni ilionekana kuwa mwiba. Mwaka 1587 Toyotomi Hideyoshi aliamuru wamisionari waondoke, kisha akautwaa mji wa Nagasaki. Mnamo Februari 5, 1597, Wakristo 26, wageni na wenyeji, walisulubiwa katika kilima cha Nishizaka, mbele ya macho ya mji. Utawala wa ukoo wa Tokugawa uliofuata ulipiga marufuku Ukristo nchini kote mwaka 1614. Watu walilazimishwa kukanyaga sanamu na picha takatifu ili kuthibitisha kwamba si Wakristo. Mwaka 1637 wakulima wa Shimabara na Amakusa, waliochoshwa na kodi na mateso, waliasi. Mwaka uliofuata uasi huo ukazimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Mwaka 1639 Wareno walifukuzwa kabisa. Walipotuma wajumbe kutoka Makau mwaka 1640 kuomba biashara irudishwe, watu 61 miongoni mwa msafara huo walikatwa vichwa papo hapo Nagasaki.

Ukristo haukufa bali ulizama. Katika bonde la Urakami na visiwa vya karibu, familia zilibatiza watoto kwa siri na kurithishana sala kwa mdomo bila padre wala kitabu. Sala hizo ziliitwa orasho, kutokana na Kilatini oratio. Kizazi baada ya kizazi, maneno ya Kilatini na Kireno yalisagika katika vinywa vya watu wasiojua maana yake, yakabaki sauti takatifu tu.

Dejima

Kati ya mwaka 1634 na 1636 wafanyabiashara 25 wa Nagasaki waligharimia ujenzi wa kisiwa kidogo ghubani, chenye umbo la upepeo, kwa amri ya serikali. Kiliitwa Dejima. Kilikusudiwa kuwafungia Wareno. Walipofukuzwa, Waholanzi wa Kampuni ya India Mashariki walihamishiwa hapo mwaka 1641. Waholanzi walivumiliwa kwa sababu walitaka biashara bila kuhubiri.

Kisiwa kizima kilikuwa na eneo la takribani hekta moja na nusu, sawa na viwanja viwili vya kandanda. Daraja moja fupi lilikiunganisha na mji, na mlango wake ulikuwa na walinzi. Maafisa wachache wa Kiholanzi, pamoja na watumwa waliowaleta kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, waliishi humo miezi kwa miezi wakingojea meli ya mwaka ujao. Ruhusa kubwa waliyopata ilikuwa ile ya mkuu wao kusafiri hadi Edo, mji uitwao Tokyo leo, kwenda kumwinamia shogun, yaani mtawala mkuu wa kijeshi.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba Japani ilijifungia kabisa. Iliendelea kuhusiana na Korea kupitia kisiwa cha Tsushima na na visiwa vya Ryukyu kupitia Satsuma. Nagasaki kwenyewe, biashara ya Wachina ilikuwa kubwa kuliko ya Waholanzi. Wachina walikuwa na mahekalu yao mjini, na kuanzia mwaka 1689 walitengewa mtaa wao uliozungushiwa ukuta. Kilichofanyika hasa ni kuchagua mlango na kuchagua wa kuupitia.

Wakalimani wa Nagasaki

Waholanzi kwa jumla walizuiwa kujifunza Kijapani. Neno lolote lililotoka Dejima kwenda mjini, na lolote lililorudi, lilipitia kinywani mwa mkalimani aliyeajiriwa na serikali. Kazi hiyo ilirithiwa. Mtoto wa kiume alianza kama mwanagenzi, akapanda kuwa mkalimani mdogo, na akijaliwa akawa mkalimani mkuu. Wachina nao walikuwa na wakalimani wao, ambao wengi walikuwa wa nasaba ya Kichina. Mwanzoni lugha iliyotumiwa na Waholanzi ilikuwa Kireno, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imezoeleka bandarini. Kiholanzi kilichukua nafasi yake polepole.

Majukumu yao hayakuishia kwenye mazungumzo. Meli ilipowasili waliandika orodha ya watu na shehena, wakamhoji nahodha kuhusu vita, vifo vya wafalme na mambo mapya ya dunia, kisha wakayatafsiri yote katika ripoti iliyopelekwa kwa shogun. Kwa njia hii utawala uliojitenga na dunia ulipata habari za dunia kila mwaka. Uzito wa jukumu hili ulidhihirika pale mambo yalipoharibika. Mwaka 1808 manowari ya Uingereza iitwayo Phaeton iliingia ghubani ikipeperusha bendera ya Uholanzi, ikawateka Waholanzi waliokwenda kuipokea, ikadai chakula na maji, kisha ikaondoka. Gavana wa Nagasaki, Matsudaira Yasuhide, alijiua kwa aibu ya kushindwa kuulinda mji. Serikali iliamuru wakalimani wajifunze Kiingereza, na mwaka 1814 wakamaliza kutunga kamusi ya Kiingereza na Kijapani. Mwaka 1828 daktari Mjerumani Philipp Franz von Siebold, aliyekuwa amefundisha tiba ya Kizungu Nagasaki, alikutwa na ramani za Japani ambazo zilikuwa siri ya dola. Yeye alifukuzwa nchini. Wajapani walioshirikiana naye, wakiwemo baadhi ya wakalimani, ndio waliofungwa na kuadhibiwa. Aliyesimama katikati ya lugha mbili alibeba hatari ya pande zote mbili.

Kuunda istilahi

Mchango mkubwa zaidi wa wakalimani ulifanyika kimya kimya, mezani, mbele ya vitabu. Mwaka 1720 shogun Yoshimune alilegeza marufuku ya vitabu vya kigeni, mradi visihusu Ukristo. Hapo likazuka tatizo ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili analitambua: Je, dhana ambayo haijapata kutajwa katika lugha itajwe vipi?

Jibu mashuhuri lilitolewa mwaka 1774, ilipochapwa Edo tafsiri ya kitabu cha Kiholanzi kuhusu umbo la ndani la mwili wa binadamu. Tafsiri hiyo iliitwa Kaitai Shinsho. Waliohusika zaidi walikuwa madaktari Sugita Genpaku na Maeno Ryotaku. Maeno alikuwa amekwenda Nagasaki kujifunza Kiholanzi, na dibaji iliandikwa na mkalimani wa Nagasaki, Yoshio Kosaku. Katika maelezo ya mwanzo, wafasiri walitaja njia tatu walizotumia. Ya kwanza ni kutumia neno lililopo: Kiholanzi beenderen ni mifupa tu, na Kijapani kina neno la mfupa. Ya pili ni kufasiri maana: kwa kraakbeen, yaani gegedu, waliandika nankotsu, 'mfupa laini'. Ya tatu ni kukopa sauti pale ambapo hakuna neno wala maana iliyo wazi: klier, yaani tezi, likaandikwa kiriiru. Kwa njia ya pili walitoa pia neno shinkei, ambalo ndilo Wajapani wanalotumia kwa maana ya neva hadi leo. Inafaa kukumbuka kwamba kitabu chenyewe kiliandikwa kwa Kichina cha kale, lugha ya wasomi wa Japani wakati huo. Hata hivyo, istilahi zake zilihamia katika Kijapani na kukaa.

Wakalimani wa Nagasaki waliendeleza kazi hiyo katika elimu ya nyota na fizikia. Motoki Ryoei, aliyetafsiri vitabu vilivyoeleza kwamba dunia hulizunguka jua, anatajwa kuwa ndiye aliyetunga neno wakusei kwa maana ya sayari. Wakusei ni 'nyota inayotangatanga'. Neno la Kiswahili sayari limetoka katika Kiarabu, nalo lina asili ya kwenda na kusafiri. Lugha mbili zilizo mbali zimeitazama mbingu moja na kuona mwendo uleule.

Mkalimani mwingine, Shizuki Tadao (1760–1806), aliacha kazi rasmi akiwa kijana, akajifungia na vitabu. Katika tafsiri aliyoikamilisha kati ya 1798 na 1802 alieleza nadharia za Newton, na humo akaunda juryoku, kwa kuunganisha 'uzito' na 'nguvu', na inryoku, kwa kuunganisha 'kuvuta' na 'nguvu'. La pili linalingana na 'nguvu ya mvutano' katika Kiswahili. Mwaka 1801 Shizuki alitafsiri pia maandishi ya Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani aliyewahi kuishi Dejima, yaliyojadili siasa ya Japani ya kujitenga. Akihitaji neno fupi la hali hiyo, aliunda sakoku, 'nchi iliyotiwa kufuli'. Kwa hiyo neno ambalo Wajapani wamelitumia kueleza kujifungia kwao lilizaliwa kutokana na tafsiri ya mawazo ya mgeni.

Kufunguliwa kwa mlango

Mwaka 1853 manowari za Marekani zilifika karibu na Edo kudai nchi ifunguliwe. Katika mazungumzo ya mwaka 1854 mmoja wa wakalimani wa Japani alikuwa Moriyama Einosuke wa Nagasaki. Alikuwa amefundishwa Kiingereza na Ranald MacDonald, kijana wa Amerika ya Kaskazini aliyeingia Japani bila ruhusa na kuzuiliwa Nagasaki kati ya mwaka 1848 na 1849. Mfungwa alikuwa mwalimu wa walinzi wake.

Bandari za Nagasaki, Yokohama na Hakodate zilifunguliwa mwaka 1859. Wafanyabiashara wa kigeni walijenga nyumba zao mlimani. Ile ya Mskoti Thomas Glover, ya mwaka 1863, ingalipo. Kiwanda cha kutengeneza meli na mitambo, kilichoanzishwa mwaka 1857 kwa msaada wa Waholanzi, kilikuja kuwa karakana kubwa ya meli ya Mitsubishi. Katika kisiwa cha Hashima, nje ya ghuba, makaa ya mawe yalichimbwa chini ya bahari hadi mwaka 1974. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wakorea na Wachina walifanyishwa kazi humo kwa nguvu.

Mapadre wa Kifaransa nao walijenga kanisa la Oura kwa ajili ya wageni. Mnamo Machi 17, 1865, kikundi cha watu kutoka Urakami kiliingia humo na kumnong'oneza padre Bernard Petitjean kwamba imani yao ni moja na yake. Walikuwa wameitunza kwa miaka 250. Furaha hiyo ilifuatwa na msiba: zaidi ya wanakijiji 3,000 walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa katika majimbo ya mbali, na wengi walifia huko, kabla ya marufuku kuondolewa mwaka 1873. Waliorudi walianza kujenga kanisa kubwa bondeni mwao, likakamilika mwaka 1914.

Agosti 9, 1945

Siku hiyo ndege ya Marekani ilibeba bomu la atomiki kuelekea mji wa Kokura. Kokura haikuonekana vizuri kutoka angani, ndege ikageukia Nagasaki. Saa 5:02 asubuhi bomu lililipuka takribani mita 500 juu ya bonde la Urakami, mbali na kitovu cha mji. Hapa ndipo umbile la mahali lilipotoa hukumu. Safu ya vilima ilizuia sehemu ya moto na kishindo, na mji wa zamani kando ya Mto Nakashima ukanusurika kwa kiasi. Bonde la Urakami lilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu takribani 74,000 walikuwa wamekufa. Kanisa ambalo wazao wa waumini wa siri walikuwa wamelijenga lilibomoka, na katika Wakatoliki 12,000 wa bonde hilo, inakadiriwa kuwa 8,500 waliangamia. Jumuiya iliyoishinda serikali kwa miaka 250 ilimalizwa kwa dakika chache, na waliolidondosha bomu walitoka katika nchi yenye Wakristo wengi.

Walionusurika walipewa jina la hibakusha. Neno hilo limeundwa kwa vipashio vitatu, kama yalivyoundwa maneno ya Shizuki: hi, 'kupatwa', baku, 'mlipuko', sha, 'mtu'. Mnamo Agosti 10, 1956, manusura wa Hiroshima na Nagasaki waliasisi mjini Nagasaki shirika lao la kitaifa, Nihon Hidankyo, ambalo lilitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2024. Leo hibakusha ni neno ambalo lugha nyingi zimelikopa jinsi lilivyo. Bandari iliyopokea maneno ya wengine kwa karne nne imeukopesha ulimwengu neno moja, nalo ni zito.

Hitimisho

Nagasaki ya leo ina wakazi takribani 400,000, na idadi yao inapungua kadiri vijana wanavyohamia miji mikubwa. Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha maeneo ya Wakristo wa siri katika urithi wa dunia. Chakula cha mji nacho kinasimulia: keki ya kasutera ina asili ya Ureno, na tambi za champon zilibuniwa na mpishi wa Kichina mwishoni mwa karne ya 19.

Imebainika katika makala haya kwamba historia ya mji huu ni historia ya mlango, na kwamba mlango wa nchi haulindwi kwa mizinga peke yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nagasaki inaongeza sharti moja: mwenyeji hapati pona hiyo asipokuwa na watu wa kuielewa lugha ya mgeni na kuitia mali yake katika lugha ya nyumbani. Wakalimani walikopa walipolazimika, wakafasiri walipoweza, na hawakungoja lugha yao iwe tayari ndipo waanze. Iliwawia tayari kwa kutumiwa.

Dejima haimo tena baharini. Ardhi iliyozungukwa na maji ilifikiwa na mji wakati ghuba ilipojazwa udongo, na anayezuru leo huyakuta majengo yaliyojengwa upya katikati ya barabara na maduka. Jamii ya wakalimani wa kurithi nayo ilitoweka nchi ilipofunguliwa. Lakini mtoto wa Kijapani anayefungua kitabu cha sayansi darasani, akasoma kwa nini jiwe huanguka chini na kwa nini sayari hazipotei njia, anasoma kwa maneno yaliyotungwa katika vyumba vya Nagasaki na watu ambao hawakuwahi kuruhusiwa kuvuka bahari.